Soda Wameizuia, Maji Je?

Kwetu maji ya bomba hutoka yana rangi ya chai ya rangi. Kila siku, Jumapili haina nafuu. Yananuka yai bovu. Ukifua shati jeupe, unaanika shati la kahawia. Beseni la kuogea nimelisugua hadi mikono ikachubuka, nikachoka, nikaacha. Mimi naitwa Wanda Estep. Nina miaka hamsini na tisa. Ukitaka hadithi ya bibi mpole, tafuta nyumba nyingine.

Bonde letu linaitwa Caney Lick, huku kusini mwa jimbo la West Virginia, Marekani. Mabomba haya yaliwekwa na kampuni ya makaa ya mawe, enzi za babu yangu. Makaa yalipokwisha, kampuni ikafungasha virago. Mabomba yakabaki, na sisi tukabaki nayo. Siku hizi kuna bodi ya maji ya bonde. Inakusanya ada kila mwezi. Kwa kukusanya hawana mchezo!

Sasa tunakunywa nini? Soda. Mama yangu alinipa soda. Mimi nikampa binti yangu. Binti yangu alipokwenda Columbus kufanya kazi, aliniachia mtoto wake, Brylee, nikampa na yeye. Brylee ana miaka minne. Asubuhi mayai na mkate wa mahindi, na soda. Mchana maharage, na soda. Akienda kulala, chupa yake ina soda. Usinikunjie uso. Soda haijawahi kutoka na tope.

Mwezi wa kumi na moja meno ya mbele ya Brylee yalikuwa visiki vyeusi. Mtoto alitafuna upande mmoja huku akilia. Nikampeleka kwa daktari wa meno mjini. Akamtazama, kisha akanigeukia mimi.

"Bibi, nitakwambia wazi," alisema. "Haya manne ya mbele hayaokoki. Nitayang'oa. Yaliyobaki ni kumi na sita. Bado yapo, lakini yameanza kulainika. Soda ikiendelea, mwakani utamrudisha hapa niyang'oe na hayo."

Yaling'olewa. Nilirudi nyumbani nimemkasirikia daktari. Yeye maji yake ni meupe, atanifundisha nini?

Mwezi wa kwanza sheria mpya ikaanza. Kadi ya chakula, ambayo serikali hutupatia sisi wa kipato kidogo, isinunue soda tena. Nilisikia, sikuamini. Nikaenda dukani, nikaweka maharage, unga wa mahindi, nyama ya nguruwe na katoni mbili za soda. Keshia alikuwa Misty, mtoto wa binamu yangu. Akapitisha kadi. Mashine ikalia.

"Shangazi Wanda, inakataa soda," alisema kwa sauti ya chini.

"Pitisha tena."

"Hata nikipitisha hadi jioni, shangazi, itakataa. Ni sheria."

Nyuma yangu palikuwa na bwana mmoja amevaa kizibao kipya. Akasema, si kwa kunong'ona, "Afadhali! Kodi zetu si za kununulia uchafu."

Nikageuka. "Kodi zako? Marehemu mume wangu alichimba makaa miaka ishirini na sita. Umeme wa nyumba yako ulitoka kifuani mwake, na kifua hicho ndicho kilichomuua. Njoo kwangu leo nikufungulie bomba, ndipo tuzungumze habari za uchafu!"

Bwana akaanza kusoma pakiti ya chingamu. Misty alikuwa amewiva uso mpaka masikioni. Nilitoka na maharage, unga na nyama yangu. Mkubwa mmoja, ambaye hajawahi kukanyaga Caney Lick, ameniamulia ninywe nini. Moyoni nikasema, tutaona nani mjanja.

Jirani yangu ni Verlin, mzee wa peke yake. Ana pensheni, hana kadi. Nikamwendea na nyama yangu.

"Verlin, chukua nyama. Wewe utaninunulia soda kwa pesa zako."

Verlin akacheka. "Kumbe leo nimekuwa duka la magendo!"

"Unataka nyama hutaki?"

"Nani amesema sitaki?"

Basi tukafanya hivyo wiki tatu. Mimi na Brylee tulikula maharage matupu, na soda ikajaa barazani. Niliona nimewashinda.

Jumanne moja akaja Dreama Lester, mhudumu wa afya wa kliniki. Dreama amezaliwa bonde la pili, kwa hiyo anapiga hodi huku ameshaingia. Akaona makopo. Akamwona Brylee mlangoni, chupa mdomoni.

"Kadi si imezuia soda? Hizi zimetoka wapi?"

"Kwa Verlin. Nampa nyama, ananipa soda."

"Nyama ya kadi?"

"Nyama ni nyama."

Dreama akatupa mkoba wake kitini. "Wanda, una akili wewe? Kwanza, chakula cha kadi hakiuzwi wala hakibadilishwi. Wakijua wanaweza kukunyang'anya kadi. Pili, umetoa nyama ya mtoto ili umletee kitu kinachomng'oa meno!"

"Usinipigie kelele nyumbani kwangu!"

"Napiga! Asipopiga Dreama, atapiga nani?"

"Wamenidharau!" nilisema. "Wamenifanya mimi mtoto mdogo!"

"Wamekudharau, ndiyo. Kasirika, una haki. Lakini hasira yako umemmwagia nani? Wale wakubwa hawaumwi jino hata moja. Anayeumwa ni huyu."

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na maneno mengi. Brylee akaja, akaegemea goti langu, akafungua mdomo aonyeshe. "Hapa panauma tena, Bibi." Lilikuwa jino la nyuma. Nikakaa chini. Niliona haya, na haya mbaya zaidi ni ile unayojitia mwenyewe.

Dreama akavuta kiti, akasema taratibu. "Kopo moja lina sukari kama vijiko kumi vya chai. Vijidudu vya mdomoni vinakula sukari hiyo na kutoa asidi. Soda yenyewe nayo ina asidi. Asidi ndiyo inayokula jino."

"Basi nimpe ile isiyo na sukari."

"Hiyo nayo ina asidi. Na kadi imeikataa vilevile. Ubaya mkubwa ni kunywa kidogo kidogo kutwa nzima, na kulala na chupa. Jino halipati nafasi ya kupumzika. Mpe maziwa wakati wa chakula. Kiu ikimshika, maji. Mswaki asubuhi, na usiku kabla ya kulala, na dawa ya meno yenye floraidi, kiasi cha punje ya njegere. Umswakie wewe mwenyewe, mkono wake bado mdogo."

"Maji!" nikaruka tena. "Maji yapi, Dreama? Haya?" Nikafungua bomba. Likakohoa, likatema kahawia.

"Maji ya chupa kadi inayakubali."

"Kadi ikinunua maji ya mwezi mzima, tutatafuna maji?"

Dreama akalifunga bomba. "Hapo," akasema, "hata mimi nimekasirika."

"Kuna bomba la mlimani, pale kwenye kona ya barabara," nikasema. Maji ya hapo yanatoka kwenye mgodi wa zamani. Ni maangavu na ya baridi. Bonde zima wenye magari wanajaza madumu pale; mimi sina gari, huletewa dumu moja moja tu. "Yale ni safi."

"Umeyapima?"

"Nina macho."

"Macho hayaoni vijidudu, mama."

Alitoa mkobani chupa mbili ndogo safi. Tukajaza maji ya bomba la nyumbani, na maji ya mlimani, akayapeleka maabara siku ileile. Siku kumi baadaye akarudi na karatasi mbili. Maji ya nyumbani yalikuwa na madini ya chuma na manganizi, kupita kiasi kinachoruhusiwa. Maji ya mlimani hayakuwa na madini ya kutisha. Yalikuwa na vijidudu vya kinyesi.

"Kinyesi!" nilipiga kelele hadi Verlin akatoka nje. "Verlin! Miaka yote tumekuwa tukinywa kinyesi!"

"Ndiyo maana kahawa yangu ina ladha," alisema Verlin. Sikucheka. Nilikuwa nikiyakumbuka matumbo yote ya kuhara niliyoyauguza bondeni hapa nikidhani ni baridi.

"Sikiliza vizuri," Dreama akasema. "Ya mlimani, yachemshe. Yakitokota kwa nguvu, hesabu dakika moja nzima, ndipo uzime. Yapoe yakiwa yamefunikwa. Weka kwenye dumu safi lenye kifuniko, usichote kwa kikombe kilichotumika. Lakini ya nyumbani usijidanganye kuyachemsha. Moto unaua vijidudu, hauondoi madini."

Siku hiyo soda zote nilimrudishia Verlin. Akauliza, "Na nyama imekwisha?"

"Nyama utakuja kula mezani kwangu kama binadamu. Lakini wewe una gari. Utanichotea maji."

Akakubali. Verlin na nyama hawaachani.

Brylee hakukubali. Kikombe cha kwanza alikitupa ukutani. "Sitaki! Hayana mapovu!" Alilia siku tatu. Alinipiga mateke. Nilikuwa na hamu ya kumpa kopo moja tu, tupumzike sote. Sikumpa. Siku ya nne alitoka uani anahema, akanywa kikombe chote, hakuniangalia.

Lakini nikichemsha nilikuwa nachemka na mimi. Kila asubuhi sufuria mbili. Ada ya maji nalipa! Kwa nini niishi kama mtu aliyekimbia vita? Nikamwambia Dreama. Akanifundisha njia. Usiende na kelele peke yake, nenda na karatasi ya maabara. Usiende peke yako. Andika barua, weka tarehe, na nakala peleka idara ya afya ya jimbo, ili bodi isiweze kusema haikuambiwa. Nikapita nyumba kwa nyumba. Majirani kumi na mmoja walipima maji yao.

Siku ya mkutano wa bodi tukaingia kumi na wawili. Mwenyekiti, Bwana Gaylord Toler, akatazama karatasi, akavua miwani, akaifuta.

"Bibi Wanda, mambo haya yana utaratibu."

Nikasimama. "Utaratibu? Walipotaka kunizuia soda, mashine za jimbo zima zilibadilika kwa usiku mmoja. Hakuna aliyenitajia utaratibu! Leo naomba maji, ndipo utaratibu unazaliwa? Mjukuu wangu ana miaka minne na mapengo manne. Nilimpa soda mimi, nakubali, nimekosa. Lakini hicho ndicho kilichokuwa cha kunyweka katika nyumba yangu, na ninyi mlikuwa mnachukua ada."

Kisha Misty, yule keshia, akasimama nyuma akasema, "Na mimi mwanangu ana meno mabovu." Halafu mwingine. Halafu mwingine tena.

Haikuwa siku ile. Sitakudanganya. Tulirudi mara tano. Idara ya afya ilituma watu wake, wakapima, wakapata yaleyale. Ndipo lori la maji safi likaanza kuja kanisani mara mbili kwa wiki. Na kiangazi kilipoingia, pesa za jimbo zikapatikana, wakaweka mtambo wa kuchuja maji kwenye kisima cha bodi na kubadilisha mabomba makuu. Mwezi wa nane nikafungua bomba, yakatoka maji. Maji! Sikuyaamini kwa macho. Niliyapima kwanza. Yakafaulu.

Wiki iliyofuata nikampeleka Brylee kwa daktari wa meno. Lile jino la nyuma alikuwa ameshaliziba mapema mwaka ule; sasa akayagonga yote moja moja. "Hakuna jipya lililooza," akasema. "Kumi na sita yote yapo." Nilimshika mkono daktari yule, nikamwomba radhi kwa majina niliyomwita moyoni.

Kisha siku ya kuzindua mtambo akaja mkubwa mmoja kutoka mji mkuu wa jimbo, na mpiga picha wake. Alihutubia. Alisema kuzuia soda kumewaletea watoto wetu afya. Maji aliyataja mara moja, mwishoni. Nilikuwa nasaga meno yangu mwenyewe. Alipomaliza, akataka picha na mtoto anayekunywa maji. Akamchagua Brylee, maana nilikuwa nimemsuka vizuri.

Brylee akashika glasi kwa mikono miwili, akanywa yote. "Sasa tabasamu, mrembo," akasema mpiga picha.

Brylee akatabasamu. Pengo lote la mbele likaonekana. Mpiga picha akashusha kamera.

"Labda afumbe mdomo kidogo," mkubwa akaninong'oneza.

"Hafumbi," nilisema, wote wakasikia. "Kumi na sita aliyonayo tumeyaokoa sisi hapa. Manne yaliyokwenda tutagawana. Mawili yangu, kwa kuwa nilimpa soda. Mawili yenu, kwa kuwa hamkutupatia maji. Piga picha."

Akapiga.