Baiti Moja Zaidi

Adapta ilikuwa imebaki moja tu, na walioishika walikuwa wawili. Duka la Badi katika soko la Kismayo lilijaa watu wa chaja na laini za simu. Rawda alimgeukia mgeni aliyevaa shati jeupe na kikoi cha buluu.

"Niachie, kaka. Kompyuta yangu imezimika katikati ya jaribio."

"Jaribio la nini?"

"Hutaelewa."

"Nieleze tu."

Akamweleza haraka haraka, ili amchoshe. Kazi yake ilikuwa kujaribu msimbo ulio kwenye kiini cha mfumo wa kompyuta, ule unaopokea pakiti za data kutoka mtandaoni. Kila pakiti huwekwa kwanza kwenye bafa, nafasi yenye ukomo. Yeye huongeza ukubwa wa pakiti mpaka ufikie ukomo, kisha baiti moja zaidi, yaani chembe moja tu ya data, aone mfumo utaikataa au utaanguka.

Mgeni akaiachia adapta. "Mimi naandika msimbo wa aina hiyo, Mombasa. Naitwa Shihab. Wazee wangu ni wa kisiwa cha Chovae, nimekuja kuwaona jamaa waliobaki."

Mji mzima Rawda hakuwa na wa kuzungumza naye kazi yake. Hata mamake alikuwa akimlaumu kwa lahaja ya nyumbani: "Mchu gani hushinda na mashine kutwa?" Shihab aliporudi Mombasa, walikuwa wamekwisha kupendana, na simu zake ziliingia kila siku baada ya Alasiri.

"Mpenzi, leo umeangusha mashine ngapi?"

"Mbili. Na wewe umekosea mara ngapi?"

"Mimi sikosei, habibti."

Kisha siku moja simu haikuingia. Rawda akapiga, ikaita mpaka ikakatika. Wiki ikapita, ukawa mwezi. Kila Alasiri alijipaka wanja, akavaa dirac, gauni lake pana la zambarau, akakaa dirishani na simu mapajani. Hakumwambia mtu. Angeanzia wapi?

Mwezi wa pili, akiandaa jaribio jipya, alifungua historia ya msimbo aliowahi kuukosoa kwenye orodha ya barua pepe inayosomwa na wahandisi wote. Alikuwa ameandika hivi: "Unapokea baiti moja kupita ukomo. Aliyeuandika hakufikiri." Sasa akaona jina la mwandishi. Shihab. Na tarehe ya ukosoaji ilikuwa siku moja kabla ya ule ukimya.

Akatuma ujumbe: "Sikujua ni wewe." Hazikupita dakika tano, simu ikalia.

"Kweli hukujua?"

"Wallahi. Nilisoma msimbo, sikutazama jina."

"Kosa lilikuwa langu, nikalirekebisha siku ile ile. Lakini lile neno lilisomwa na wenzangu wote kazini. Nikasema, kumbe ndivyo anavyoniona."

"Mbona hukuniuliza?"

"Niliona haya."

"Miezi miwili, Shihab! Umeniacha nimekaa kama mjane."

"Nisamehe, mpenzi."

"Nisamehe wewe. Lile neno nitaliombea radhi mbele ya wote. Lakini jaribio silitoi, ni sahihi."

Shihab akacheka, kicheko ambacho Rawda alikikosa mno. "Usilitoe. Rawda, nikija na ami zangu kumwona mamako, mtatupokea?"

Rawda alitazama chumba chake, kiti kimoja, kikombe kimoja.

"Njoo," alisema. "Njoo upesi. Nimechoka kuwa peke yangu."