Jamu, Chokaa na Mkono wa Wilf

Hilary Metcalfe alikuwa anapika jamu ya plamu. Mumewe, Wilf, alikaa mezani amenuna. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa plasta ngumu, ile watu wanaiita hogo, kuanzia chini ya kiwiko hadi karibu na vidole. Alikuwa ameteleza kwenye ngazi, akavunjika kifundo cha mkono.

Wilf ni fundi mwashi. Hapa bondeni nyumba zetu ni za mawe, na mawe ya zamani hayataki saruji, yanataka chokaa. Ukitaka mtu wa chokaa, unamwita Wilf. Sasa dohani ya nyumba yake mwenyewe, ule mnara wa mawe wa kutolea moshi juu ya paa, ilikuwa imefumuka nusu, mvua inaingia hadi chumbani. Na baridi ikishaanza, chokaa haijengeki tena. Mimi ni jirani yao, tunagawana ukuta mmoja. Nilikwenda kuomba jamu, nikapewa na kazi ya kukoroga.

Hilary alidondosha tone la jamu kwenye sahani ya baridi. Akalisukuma kwa kidole. Tone likateleza.

"Bado haija-set," akasema.

Nimekaa huku ugenini miaka mingi, lakini neno hilo bado linanishangaza. Set. Neno dogo tu. Jamu ikiganda, ime-set. Jua likitua, lime-set. Asubuhi Hilary alimwambia Wilf a-set meza, yaani apange sahani. Saa ya kengele nayo wanai-set. Vitunguu vidogo vya kupanda ni set. Vikombe vya marehemu mama mkwe wa Hilary, vinavyofanana, ni set pia, na hilo hata sisi huko kwetu tumelichukua, tunasema seti.

"Hivi neno moja linabebaje mizigo yote hiyo?" nikauliza.

"Ni kama punda asiye na mwenyewe," Wilf akasema bila kucheka. "Kila apitaye anampandishia gunia lake."

Kisha akavuta mkasi mkubwa wa bustani, akauweka mezani.

"Huo wa nini, Wilf?" Hilary akauliza.

"Wa kukata hili dude. Mkono hauumi tena. Kesho napanda juu."

"Daktari amesema usubiri."

"Daktari halali chini ya dari inayovuja. Unataka tulale na mwavuli, mke wangu?"

Hilary akautazama mkasi. Niliona ameogopa, na mimi niliogopa pia. Mkono ule ndio unawalisha. Ukiharibika, basi tena.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Maureen Oddie, kaleta chupa tupu za jamu. Maureen anafanya kazi hospitalini, kwenye chumba cha kufungia plasta. Aliuona mkasi, akatuangalia sura zetu, akavuta kiti.

"Kwa hiyo hauumi, Wilf?"

"Hata kidogo."

"Vizuri. Maumivu huondoka mapema. Mfupa wenyewe unachelewa. Pale ulipovunjika, mwili umeziba kwa kitu ambacho bado ni laini. Ukibeba jiwe kesho, unapinda. Ukija kupona umepinda, hutaushika mwiko kama zamani."

"Hayo maneno ya hospitali."

"Haya, tuongee ya kwako. Ukishajenga kwa chokaa, unafanya nini?"

"Naifunika kwa magunia mabichi, naiacha."

"Mbona? Si juu panakuwa pagumu mapema?"

"Juu ndiyo. Lakini ndani bado..."

"Malizia."

"Ndani bado ni tope. Ukiitwisha mzigo, itapasuka."

"Na mteja akija akasema, fundi, nimegusa, pagumu, ondoa magunia?"

"Namfukuza," Wilf akasema. Akautazama mkono wake kwa muda mrefu. "Namwambia haija-set."

"Basi hata sisi tunasema hivyo kuhusu mfupa," Maureen akasema.

Nikacheka. Kumbe punda yule alikuwa na gunia jingine.

Wilf akausogeza mkasi pembeni. Sasa uso wake ulikuwa wa fundi anayetaka kujua kazi ya fundi mwenzake.

"Chokaa naikwaruza kwa msumari, najua kama imekaza. Mfupa mnaujuaje?"

"Tunaupiga picha. Tukiona umeunga vizuri, tunaikata plasta wenyewe, kwa msumeno wake maalumu. Wewe kazi yako ni kuiweka kavu. Ukioga, vaa mfuko wa nailoni. Vidole uvichezeshe kila mara, visikakamae. Na usiingize kitu ndani kujikuna, utajichubua na kidonda kitaoza humo."

Hilary akamnyooshea Wilf kiganja. Taratibu Wilf akachomoa sindano ya kufumia sweta kutoka ndani ya plasta, akamkabidhi.

"Nimeitafuta wiki nzima," Hilary akasema.

"Jambo moja zaidi," Maureen akasema. "Vidole vikivimba sana, vikiwa vya baridi, vya bluu, au vikifa ganzi, njoo saa hiyohiyo. Usisubiri kukuche."

"Na dohani?" Wilf akauliza kwa sauti ndogo.

"Turubai," nikasema. "Tutapanda sisi wenye mikono."

Turubai lile lilipigwa na upepo majira yote ya baridi, na Wilf alililaani kila asubuhi. Lakini alisubiri. Picha ilionyesha mfupa umeunga sawasawa, na plasta ikakatwa. Mkono ulitoka umekonda na dhaifu. Maureen akamfundisha kuminya mpira laini, kidogo kidogo, na Wilf akauminya hata mbele ya wageni.

Barafu ilipoisha, alijenga dohani yake. Nilipanda ngazi kuitazama, nikanyoosha kidole.

"We, usiguse," Wilf akasema. "Haija-set."

Akachovya magunia ndooni, akayakamua kwa mikono yote miwili. Hilary alisimama mlangoni akiuangalia mkono wa kulia ukilisokota gunia hadi tone la mwisho. Kisha akaingia ndani ku-set meza.