Mgeni wa Maman Godelive

Isidore alikuwa hajainua nyundo bado, na fimbo ya chuma ikaanza kuzama ardhini yenyewe, polepole, kama kijiko kwenye uji.

Pascaline hakushtuka. Alikuwa mhandisi wa udongo, na kazi yake Bukavu nzima ilikuwa hiyo hiyo: kusimamisha fimbo kwenye kiwanja cha mtu, kuipiga kwa nyundo nzito, na kuona ardhi inakataa kiasi gani kabla mtu hajamwaga msingi. Udongo wa milima hii aliujua. Ukiuacha utulie, unabeba nyumba. Ukiutikisa, unalegea na kuwa tope, na nyumba inateremka na waliomo. Ila Jumamosi hiyo kiwanja kilikuwa chake mwenyewe, mtaani Bagira, na ukuta uliopasuka ulikuwa wa chumba cha mama yake.

Maman Godelive alikuwa akilala nyuma ya ukuta huo tangu upande mmoja wa mwili ulipomfia. Pascaline alimtoa kijijini Nyantende kwa kubembeleza sana, akaapa kwamba nyumba haitamwangukia. Hakubakiwa na mtu mwingine duniani. Alimpenda yule mzee kwa hofu, na hilo halikuwa siri kwa yeyote aliyewajua.

Basi Isidore, kibarua wake wa nyundo, akapiga. Fimbo ikashuka, ikakutana na kitu kigumu, ikagoma. Akaweka nyundo chini ajifute jasho, lakini mapigo yakaendelea.

Yalitoka chini, mazito, yenye subira, jinsi mtu wa adabu anavyogonga mlango wa wenyewe. Kisha kupitia kwenye ufa wakasikia sauti ya Maman Godelive, changamfu kuliko ilivyokuwa siku nyingi: "Karibu. Ingia tu, mulango iko wazi."

Kwao mzee huyu, anayepiga hodi hasimamishwi nje. Huulizi ni nani. Anakaribishwa, anakalishwa, anapewa kitu cha kunywa, na habari zake zitajulikana baadaye. Maisha yake yote hakufanya vingine, na ugonjwa haukumwondolea adabu hiyo.

Mapigo yakakoma. Isidore alipoichomoa fimbo, ilitoka na joto la mwili wa mtu, akaitupa. Alisema anawahi minibasi ya mjini kabla ya mvua, na tangu siku hiyo hakupokea tena simu ya Pascaline.

Kwanza ilikuwa harufu. Chumba cha mama kikaanza kunuka udongo mbichi, ule wa kaburi lililochimbwa asubuhi, na kupiga deki hakukusaidia kitu. Halafu vikombe vya chai ya mama alivyovikuta vitupu, na ukingoni vina tope. Pascaline alijidanganya kwamba ni unyevu wa ukuta, maana wasomi nao hujua kujidanganya. Mpaka jioni moja mvua ikipiga mabati na umeme umekatika, aliposukuma mlango kwa mwanga wa simu akamwona mama yake amegeukia ukutani, yeye ambaye hakuweza kugeuka bila kusaidiwa, anacheka chini kwa chini, na godoro la upande wa ukutani limebonyea kwa uzito wa mtu asiyeonekana, na shuka la upande huo limelowa tope, na kutoka pale patupu ikaja pumzi ndefu ya baridi iliyomfikia usoni na kumwachia mchanga mdomoni.

"Maman, unaongea na nani?" alinong'ona.

"Na mugeni. Sema polepole, amechoka."

Kesho yake alimwita Maman Eulalie wa chumba cha sala, kikundi cha maombi cha mtaani, mwanamke mkali aliyefukuza mapepo kuanzia Mudaka hadi mjini. Eulalie alisali, akapaka mafuta, akakemea mpaka sauti ikakauka. Kila alipoamuru kitu hicho kitoke, ufa wa ukuta uliongezeka. Mwishoni alimvuta Pascaline nje.

"Nani alimuambia karibu?"

"Ni maman."

"Basi mimi siwezi. Pepo yenye iliingia kwa nguvu, naifukuza kwa nguvu. Huyu ni mugeni. Atasindikizwa na ule alimukaribisha."

"Mpaka wapi?"

Eulalie alilitazama lile tundu la fimbo, ambalo mvua zote hizo hazikulijaza. "Mpaka kwake."

Akaeleza mengine kwa huruma: mzee atapata nguvu za kuamka na kwenda, ila za kurudi hatapata. Nyumba itabaki salama. Pascaline alikataa kabla hajamaliza. Alimsindikiza mwanamke wa watu hadi barabarani, akashukuru, akarudi ndani.

Akachukua kiti kizuri cha sebuleni, akakiweka kando ya kitanda. Akamimina chai. Alimchukia kiumbe yule kwa moyo wake wote, na alimtilia sukari.

"Kaa, papa," alisema, kama anavyoambiwa baba wa heshima. "Lakini maman asiende popote."

Kiti kililia. Maman Godelive aliinamisha kichwa, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Anashukuru. Anasema kwako iko muzuri. Sasa anauliza juu ya wenzake, wale walibakia kule chini na baridi. Nilimuambia nyumba ni ya mutoto wangu, yeye njo mwenye atajibu."

"Na kama nakatala?"

"Basi atarudia kwabo," mama alisema kwa upole, "na mimi nitamusindikiza. Hauwezi kuacha mugeni aende yeye peke."

Pascaline aliutazama mkono wa mama yake uliokuwa umekufa. Sasa vidole vyake vilikuwa vimekunjwa, vimeshika kitu, na vilikuwa na furaha.

"Wako wengi?" aliuliza.

"Kilima yote, mwanangu."

Aliusikia ukuta ukishuka taratibu nyuma yake. Kisha akajifunga kitenge vizuri, akatoka kwenda kuazima viti kwa majirani.