Kiganja Juu ya Kichwa cha Ndaya

Baba yangu Malachie alikuwa karani wa stesheni ya Kamina, na hakununua hata kikombe bila kukigeuza na kutazama chini yake. Kwa hiyo Jumamosi ile alipotuchukua kwenda kuona nyumba ya kando ya mto, Mama alifunga muhogo wa kuchemsha katika kitambaa. Alijua tutakawia.

Ulikuwa mwaka ambao Wazungu walikuwa wanajenga Base, kambi yao kubwa ya jeshi. Watu walikuja kutoka kila upande kutafuta kazi, na mjini nyumba zilikuwa zimekwisha. Sisi tulilala wote katika chumba kimoja nyuma ya nyumba ya mwalimu wa kanisa letu. Nyumba hii ilikuwa na vyumba vitatu na bati juu, na kuta zake zilipakwa udongo mweupe unaochimbwa kwenye kingo za mto. Mto wenyewe ulikuwa chini kule, mwembamba, nyuma ya matete.

Baba alianza na kichuguu. Kilikuwa kirefu, kati ya nyumba na mto. Alikibomoa kidogo kwa fimbo, akaangalia mchwa wakitoka.

"Mchwa hawajengi mahali maji yanapolala," alituambia.

Kisha akatazama matawi ya miti, kama kuna nyasi kavu zilizokwama juu, zile ambazo mafuriko huziacha yakirudi. Hakuona. Akaingia ndani, akapiga magoti, akakwaruza ukuta kwa kisu karibu na sakafu, akanusa unga wake.

Gaston, fundi wa baiskeli aliyekaa nyumba ya pili, alikuwa ameegemea mlango.

"Karani, unatafuta nyumba ao unatafuta bibi wa kuoa? Hata bibi hatumuangalie vile."

"Bibi hawezi kuniletea mto mu chumba," Baba alisema bila kugeuka.

"Haujaona wangu siku anakasirika."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta.

Mwenye nyumba alikuwa mjane mzee, Nkambo Mwenze. Nkambo ni bibi mzee, na sisi watoto tulimwita hivyo ingawa hakuwa wa kwetu. Alitaka kurudi kwa ndugu zake, wakulima wa kijiji cha karibu. Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa na alijibu kila swali. Mto hupanda mwezi gani. Hufika wapi. Hufika kwenye kichuguu, alisema, kisha hurudi.

"Na humu ndani?" Baba aliuliza. "Mayi ilishaingia?"

"Mara moja."

"Ilifika wapi?"

Nkambo alificha mikono yake ndani ya kitenge.

"Miye sionyeshi."

"Sema tu, nkambo."

"Sionyeshi, baba. Uliza kingine."

Baba alikuwa amechoka. Mdogo wangu Ndaya, mtoto wa miaka minne, alikuwa amesimama karibu akila muhogo. Baba alimsogeza mpaka mgongo wake ukagusa ukuta. Akalaza kiganja juu ya kichwa chake, kikitazama chini, ncha za vidole ukutani.

"Ilifika hapa?"

Kwetu, kimo cha mtu huonyeshwa kwa mkono uliosimama, vidole vikitazama juu, kwa sababu mtu bado anakua. Mkono uliolazwa ni wa mbuzi, au wa mbwa, au wa kitu kilichokwisha kukua. Hata mtoto anajua. Baba alijua pia. Lakini kule stesheni aliwaona Wazungu kila siku wakionyesha watoto wao hivyo, na mkono wake ulikuwa umezoea.

"Toa mukono," Mama alisema kwa sauti ndogo.

Nkambo alikuwa anautazama mkono ule. Hakuonekana kushangaa.

"Weye mwenyewe njo umeonyesha," alisema. "Iko vile."

Baba alidhani anamtania. Ukuta pale ulikuwa mweupe na mkavu. Tukainunua nyumba.

Tulihamia wakati wa kiangazi. Mto ulikuwa umepungua hata kuku walivuka kwa miguu.

Mstari tuliuona asubuhi ya kwanza. Ulikuwa mwembamba, wa matope, na vipande vya majani vimenata juu yake, kama ule unaobaki ukutani mafuriko yakipungua. Ulizunguka chumba chetu cha watoto chote, sawasawa kama umepigwa kwa kamba. Sakafu ilikuwa kavu. Mikeka ilikuwa mikavu. Baba aliufuata kwa kidole mpaka pale Ndaya aliposimama siku ile. Ulipita mahali palepale ambapo vidole vyake viligusa.

Aliufuta. Asubuhi ulikuwa umerudi. Akapaka udongo mpya. Ulirudi juu ya udongo mpya.

Kisha Ndaya akaanza kuamka nywele zimelowa. Mama alizishika akadhani ni jasho. Akanusa mkono wake. Alininyooshea mkono na mimi ninuse.

Yalikuwa matope ya mto.

Alasiri moja nilirudi kutoka shule. Jua lilikuwa kali, mlango ulikuwa wazi, na nilisikia Gaston akigonga chuma kwake. Mama alikuwa nyuma anapika. Alikuwa amemlaza Ndaya kwenye mkeka, lakini mimi nilimkuta amesimama.

Mgongo wake ulikuwa ukutani. Macho yamefungwa. Alikuwa amelala usingizi. Alisimama kwa ncha za vidole vya miguu, kidevu juu, uso ukitazama bati, midomo imechongoka kama ya samaki. Alivuta pumzi ndogo. Akangoja. Akavuta nyingine. Na mikono yake ilikuwa inaelea. Sina neno jingine. Ilikuwa imeinuka pembeni mwake, ikipanda na kushuka polepole. Hapakuwa na upepo.

"Ndaya," nilinong'ona.

"Usinisukume." Hakufungua macho. Kidole chake kiligusa chini ya mdomo. "Mayi iko hapa."

Nilimbeba. Gauni lake lilikuwa kavu kabisa. Lakini alikuwa mzito kama blanketi lililotolewa mtoni.

Kesho yake Mama alinichukua, tukaenda kijijini kwa Nkambo Mwenze. Tulimkuta anaanika maharagwe. Hakujifanya hajui.

"Baba yake na Kisimba njo alionyesha wa kwanza," alinong'ona. Kisimba alikuwa mtoto wake, na baba wa Kisimba ni yule marehemu mume wake. "Alionyesha na mukono ya mbuzi. Alikuwa anacheka tu."

"Na Kisimba?" Mama aliuliza.

"Alichoka kusimama."

Mama alikaa chini penye vumbi. Mimi nilitazama maharagwe.

"Tufanye nini, nkambo?" Mama alimuuliza.

"Mutoto akomae. Akipita ule mustari, mayi itabakia chini ya pua yake."

"Na kama hakomae?"

Nkambo aliendelea kuchagua maharagwe, mabovu huku, mazuri huku.

Kwa hiyo nilitolewa shule. Mtu alipaswa kuwa na Ndaya kila aliposinzia, amshike kwapani asichoke. Nilikuwa darasa la tano. Mwalimu aliniuliza sababu nikamwambia Mama anaumwa mgongo. Sikulia. Nilikunja gauni langu la shule nikaliweka chini ya kitanda, basi.

Mama alimlisha. Bukari, ndiyo ugali wetu, na samaki wa Kinkondja, karanga, maziwa ya mkebe. Kila Jumapili kabla ya kanisa Ndaya alisimama ukutani, na Baba alimpima kwa mkono uliosimama, vidole vikitazama juu. Alikuwa anaomba. Midomo yake ilitembea lakini sikusikia sauti. Ndaya alinenepa.

Hakurefuka.

Baba akaomba kuhamishwa. Walimpeleka Luena, mji wa makaa ya mawe, na nyumba tuliyopewa ilikuwa ya matofali ya kuchoma, juu ya mwinuko, mbali na mto wowote. Hapa vumbi ni jeusi. Linaingia katika bukari, katika nguo, katika masikio. Nilitazama kuta asubuhi ya kwanza, na kila asubuhi baada ya hiyo. Hakuna mstari. Ndaya alilala chini kama watu wengine, nywele zake kavu. Mama akaanza tena kuimba akitwanga.

Mimi nilijifunza kushona kwa Mama Salomé wa kanisani. Nilimshonea Ndaya gauni la Noeli. Mwaka uliofuata nilikata jingine kwa karatasi ileile ya kipimo, nikamwachia upindo mkubwa wa kufungua akirefuka. Sijaufungua. Siku hizi siachi upindo. Watoto aliocheza nao tulipofika wamepoteza meno na kuota mengine, wanakwenda shule na mifuko yao. Watu wakiuliza ana miaka mingapi, Mama anasema minne. Alisema minne mwaka jana pia.

Juma lililopita Gaston alipita Luena kwa treni, akaja kutusalimu. Alikaa, akanywa maji, hakutania mtu. Baba alimwuliza habari za nyumba.

"Iko bule, hakuna muntu," alisema. "Mvua ilikuwa mukubwa. Mto ilifika kwa kichuguu, ikarudi. Weye ulipima muzuri, karani. Nyumba iko mukavu."

Kisha akamtazama Ndaya, aliyekuwa anacheza mlangoni, akashusha sauti.

"Ila mu chumba ya batoto, chini ya ule mustari, udongo inalika. Inabaki alama sawa mugongo ya mutoto. Mugongo na kichwa. Miye nilipaka. Asubuhi niliikuta vile tena, mubichi."

Baba aliingiza mikono yake chini ya mapaja, akaikalia. Ndivyo anavyokaa siku hizi akiongea na watu.

Asubuhi iliyofuata niliinua blanketi la Ndaya kabla Mama hajaamka. Alikuwa amelala chali. Nywele zake zilikuwa kavu na alipumua vizuri. Nikatazama miguu yake. Luena miguu ya kila mtu ni myeusi, na nyayo zake zilikuwa nyeusi kama zangu, visigino pia.

Vidole tu vilikuwa vyeupe. Ulikuwa udongo wa kingo za mto wa Kamina, bado mbichi, umejaa chini ya kucha.

Nilivifuta kwa kitambaa chenye maji. Leo nimevifuta tena. Visigino havihitaji kufutwa. Kule Kamina havigusi chini.