Saa Iliyong'aa Mno

Mwenye studio ya picha alikutwa chini ya ngazi za studio yake saa tisa mchana, shingo imevunjika. Daktari wa polisi alikadiria kifo kilitokea mnamo saa nane. Kola ya shati ilikuwa imechanika, na vifungo viwili vilikuwa juu kabisa ya ngazi. Mtu hachani kola yake kwa kuteleza.

Kufikia jioni mjane alikuwa mahabusu. Majirani waliwasikia wakigombana asubuhi, na hakuwa na wa kumtetea. Wakubwa walitaka jalada lifungwe. Inspekta akagoma. Alikuwa mwanamke asiyeamini hata salamu mpaka aipime.

Aliyemkera ni mdogo wa marehemu, fundi wa kurekebisha picha pale pale studio. Alileta ushahidi kabla hajaombwa.

"Nilikuwa kwenye mahafali, mwendo wa saa moja kutoka hapa," alisema, akimpa simu. "Rafiki yangu alinipiga picha, akanitumia. Ona saa ya ukutani."

Saa ilionyesha nane na dakika tano.

"Nani amekuuliza ulikuwa wapi?"

"Nakurahisishia kazi tu, afande."

"Ahaa! Watu wema mmejaa siku hizi."

Rafiki alikubali kwamba ndiye aliyepiga picha hiyo, ila muda hakuukumbuka, na kwenye simu yake alishaifuta. Inspekta akaipeleka kwa mtaalamu wa picha wa polisi.

Mtaalamu aliikuza mpaka ukuta ukawa miraba midogo midogo.

"Picha ikitumwa kwa simu hupunguzwa ili iwe nyepesi," alieleza. "Inakatwa vipande vidogo, na yale ambayo jicho haliyajali yanatupwa. Yakishatupwa hayarudi."

"Haya. Kwa hiyo?"

"Uso wake umechakaa. Ukuta umechakaa. Sasa tazama saa."

Inspekta akainama. Mishale ilikuwa mikali, kila tarakimu safi.

"Lo! Imekwepaje?"

"Haikukwepa. Imetoka kwenye picha nyingine, ambayo haijapunguzwa, ikabandikwa hapa baadaye."

Asubuhi iliyofuata fundi aliketi mbele ya Inspekta, mikono juu ya meza.

"Umeifanya kazi hii miaka mingapi?"

"Kumi na minane."

"Unapobandika kitu, unakichukua wapi?"

"Kwenye picha ya asili. Mbovu siigusi, mimi si mlipuaji wa kazi." Alisema kwa majivuno, kisha akaondoa mikono mezani.

Inspekta akasukuma picha iliyokuzwa mbele yake. "Ungekuwa mlipuaji ungepona. Ulipigwa picha asubuhi, ukarudi studio. Saa hii ya ukutani umeitoa kwenye picha zako za zamani za ukumbi ule, zilizobaki kwenye kamera yako. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kaka yako alikukosea nini?"

Fundi aliitazama ile saa pichani.

"Nilimsukuma," alisema. "Kompyuta zilijaa. Kaka akapunguza mafaili yote, akafuta ya asili bila kuniuliza. Humo mlikuwa na video ya mke wangu, ya wiki ya mwisho kabla hajafariki. Sina nyingine."

"Si ilibaki iliyopunguzwa?"

"Ifungue uone! Sauti yake inatoka kama yumo ndani ya debe. Alikuwa na kidoti kando ya mdomo. Hakipo, shavu lote limekuwa rangi moja. Nikamwambia kaka, umeniua. Akacheka, akasema hakuna jicho litakaloona tofauti. Mimi nimeona, afande! Mimi nilikuwa mumewe!"

Inspekta alimwonea huruma, na huruma hiyo ikamuudhi.

"Na shemeji yako? Amelala sakafuni kwa ajili yako. Ungemwacha afungwe?"

Fundi alifuta uso kwa kiganja.

"Tangu nifiwe, yeye ndiye aliyekuwa ananipikia," alisema. "Ningemwacha."

Inspekta alichukua funguo, akaenda mwenyewe kumfungulia mjane.