Maji Aliyochota Shadia

Siku Amuri alipovuka ziwa kwenda Kongo kuuza mawese, mkewe Mwasiti alikuwa akianika ndagala, dagaa wa ziwani, kama kawaida, na binti yao Shadia alikuwa shuleni. Boti ilitakiwa kurudi Ijumaa. Ijumaa ikapita, na nyingine, na ya tatu. Habari hakuna.

"Baba yenu amesikia zamu ya kuosha sufuria ni yake," Mwasiti aliwaambia watoto. Karimu mdogo akacheka. Shadia hakucheka; alimwona mama akilitupia ziwa jicho kila alipogeuza samaki.

Ziwa nalo lilikuwa likipanda. Lilikwisha kumeza nyumba za chini pamoja na vyoo vyake. Watu wawili wa mtaani walikuwa wamebebwa kwa machela.

"Musinywe maji ya ziwa!" jirani yao Consolée aliwaonya. "Iko kipindupindu."

Basi kila asubuhi Shadia alikwenda robine, bomba la mtaa. Jumatano moja foleni ilikuwa ndefu, na kengele ya shule ilikaribia. Akateremka ufukweni, akajaza bidoni, dumu lake la maji, mahali maji yalipoonekana safi, akaenda kuyamimina mtungini.

"Leo umewahi! Robine imekupenda?"

"Ndiyo, Mama," Shadia akadanganya. Mwenyewe hakuyagusa.

Karimu alishinda kwa Consolée. Mchana Mwasiti alitoka juani, akanywa vikombe viwili mfululizo. Kulipopambazuka alikuwa akihara maji matupu, macho yamezama, sauti imekauka. Majirani wakambeba hadi kituo cha matibabu, Shadia akifuata nyuma. Consolée akabaki na Karimu nyumbani kwa Mwasiti.

Mwasiti alilazwa kwenye kitanda kilichotobolewa katikati, ndoo chini yake.

"Tazama, Shadia," alinong'ona. "Wenzangu hukifuata choo. Mimi choo kimenifuata kitandani."

Shadia alitaka kucheka, machozi yakamtoka.

Muuguzi aliyekuwa akifunga dripu aliuliza, "Maji ya kunywa munatoa wapi?"

"Robine," Shadia alijibu upesi.

Mara akaukumbuka mtungi. Ulikuwa bado nusu, na Karimu alikuwa nyumbani, na Karimu hachoki kuomba maji.

"Si robine! Ni ya ziwa! Nilichota mimi!" alipiga kelele, akatoka mbio.

Alimkuta Karimu ameinua kikombe mdomoni. Akakipiga kikaanguka.

"Wewe mutoto, umeingiwa na nini?" Consolée akafoka.

Shadia akamweleza yote, akitweta. Consolée akaunyanyua mtungi. Aliyamwaga maji shimoni, akausugua mtungi kwa dawa ya javeli ya kuua vijidudu mpaka mikono ikamuwasha.

Siku mbili Mwasiti hakuweza kusema. Siku ya tatu aliomba uji. Shadia akapiga magoti.

"Nisamehe, Mama. Nusura nikuue."

"Ungeniua, nani angekugombeza kwa nywele hizo usizochana?" Kisha uso wa Mwasiti ukawa mzito. "Sikiliza, mwanangu. Ukichelewa shule, utaadhibiwa asubuhi moja. Uongo wa maji ungetuzika sote. Lakini uliposema kweli, ndugu yako alipona. Ukikosea tena, sema siku hiyohiyo."

Mwasiti amerudi nyumbani. Bado hana nguvu za kusimama juani, kwa hiyo Consolée ndiye anayemuuzia ndagala sokoni. Habari za Amuri bado hakuna.