Mlango wa Kaskazini

Maji ya ubatizo yalikuwa yanatikisika, na hakuna aliyeyagusa. Maud Tilney aliyaona, akafuta ukingo wa birika kwa kitambaa, akaendelea kupanga vitabu vya nyimbo. Tangu amzike mumewe, mambo yalimpita hivyo, kama mvua nyuma ya kioo. Yeye ndiye mzee wa kanisa pale kijijini, na leo anabatizwa mjukuu wake wa pekee, Rosalind.

Kanisa lina miaka mia saba, na matao yake yamechongoka juu. Kwenye ukuta wa kaskazini kuna kijimlango ambacho wahenga walikifungua wakati wa ubatizo tu, ili pepo anayefukuzwa kwa mtoto apate pa kutokea. Miaka mia moja na hamsini iliyopita wakaja waungwana walioona aibu kuamini hayo, wakakiziba kwa mawe. Mapepo waliendelea kufukuzwa. Wanakwenda wapi, hakuna aliyeuliza. Wiki hii fundi amekizibua, akaweka mlango wa mbao, eti kupunguza unyevu ukutani.

“Uache wazi leo, Maud,” fundi Dunstan alinong’ona. “Nilipotoa jiwe la mwisho, ukuta ulikuwa na joto. Joto la mwili.”

“Umekunywa, Dunstan?”

“Bado. Ndiyo shida.”

Aliuacha wazi.

Maji yalipomgusa, mtoto alilia, na watu wakatabasamu, maana wazee husema mtoto aliaye ndiye aliyetokwa na pepo. Harufu ya sufu mbichi ikapita kati ya viti, ikielekea kaskazini.

“Mama, baridi hiyo,” mkwewe Philippa, mama wa mtoto, alimnong’oneza. “Shangazi amekaa pale mlangoni, na ana miaka tisini.”

Maud alilelewa kuamini kwamba hakuna dhambi kuu kuliko kumwacha mgeni apigwe na baridi. Akaenda, akausukuma mlango, na hapo mgongoni akahisi pumzi, si moja, nyingi, fupi fupi kama za watoto, zimepanga foleni kwa adabu toka mlangoni hadi kwenye birika la ubatizo, pumzi za miaka mia moja na hamsini zikingoja zamu ya kutoka, na mkono wake, ambao hakuuamuru, ukashusha komeo.

Kilio kikakatika.

“Kanyamaza, kipenzi,” alisema Philippa. “Kumbe ilikuwa baridi tu.”

Begani kwa mama yake, Rosalind alimtazama bibi yake bila kupepesa, akipumua haraka haraka, pumzi nyingi mno kwa kifua kidogo vile.

Maud akainua komeo, akaufungua mlango hadi mwisho. Upepo uliingia. Hakuna aliyetoka, walikuwa wameshapata nyumba.

“Mama, tafadhali.”

Akaufunga. Alingoja aogope, lakini hata hofu haikumjia.